Chupa Nne Chini ya Fulana

Kabla sijaanza tukubaliane kitu kimoja: mkicheka, chekeni mbele yangu, msisubiri niende chooni. Aibu hii niliipata mbele ya mama yangu mzazi, mjomba, meneja wa kazini, wageni kama wanane waliokuwa wanakula chakula cha mchana, na simu moja iliyokuwa inarekodi, kwa hiyo kuchekwa na nyinyi watatu hakutaniongezea wala kunipunguzia kitu. Nimekaa nayo kimya muda mrefu, na leo imenichosha.

Mnajua nafanya kazi Mikumi, hoteli moja ya watalii nje kidogo ya hifadhi (jina silitaji, bado nakula mshahara wao). Mimi ni mwongozaji, naendesha gari, naonyesha twiga, nachekesha wazee wa Kizungu. Sasa tajiri wetu akashirikiana na hoteli ndogo iliyoko Tobago, kisiwa cha huko Karibiani, kwa wazo ambalo hata mimi nililipenda: mgeni aje kwetu aone tembo, msimu mwingine aende kule akaone samaki, na wa kule nao waje huku. Lakini huwezi kumpangia mtu safari ya kuzamia baharini wakati wewe mwenyewe hujawahi kuingiza kichwa majini, kwa hiyo mfanyakazi mmoja wa Mikumi angepelekwa Tobago mwezi mzima akajifunze, kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni, kuelea juu ya matumbawe na miwani na mrija, kujua mgeni yupi umpeleke wapi, halafu arudi aongoze kitengo kipya. Nafasi moja tu. Meneja wetu, Madam Koku, akanipa mimi fomu niwagawie wafanyakazi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naaminiwa (cheka wewe, lakini wakati ule nilikuwa naaminiwa).

Kwenye fomu kulikuwa na swali: unajua kuogelea? Ndiyo, au Hapana, weka tiki.

Hapa lazima mnielewe. Mimi ni mtoto wa Kilosa. Mto Mkondoa ukijaa, maji yanaingia mpaka sebuleni, na tangu nikiwa na miaka tisa nilikuwa navuka maji yale nimekumbatia dumu tupu la lita ishirini, kifuniko kimekazwa barabara, miguu inapiga nyuma, na ng'ambo nafika. Mtaani kwetu anayevuka hivyo anaitwa anajua maji, tena anatumwa na majirani. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna watu wanavuka bila dumu. Sawa, naongopa, kwenye runinga niliwaona, ila nilidhani tofauti yetu ni hilo dumu tu, na dumu ningelishughulikia baadaye. Nikaweka tiki kwenye Ndiyo, na pembeni nikaongeza kwa mwandiko wangu mzuri, "tangu utotoni."

Mchana huohuo nikapita kwenye chumba cha kufulia, na dada mmoja anayefanya kazi pale, Yusta, akaniita. Yusta ni mkimya, baba yake alikuwa mtu wa reli kutoka Kigoma, mkikutana anakuamkia anapita. Akafuta mikono kwenye aproni, akauliza, "Shikamoo kaka Hamisi. Hizo fomu na sisi wa kufulia tunaruhusiwa kujaza?"

Nilikuwa nazo tatu mkononi, tupu kabisa.

"Marahaba. Nadhani hizi ni za waongozaji, mdogo wangu."

Nadhani! Sikusema hapana, nilisema nadhani, na hilo neno nikalifanya wakili wangu kwa wiki tatu nzima. Yusta akasema asante akarudi kwenye mashuka yake.

Nafasi nikapata mimi. Na jamani, kazi ya kupanga niliifanya, hilo msininyime. Wageni wakiwa wanapiga picha viboko, mimi nimekaa kwenye usukani nasoma kwenye simu habari za Tobago, ufukwe upi una mawimbi, wapi kuna kasa, asubuhi gani maji yanakuwa meupe mpaka unaona chini. Nilinunua daftari kubwa nikapanga safari ya mfano ya siku saba: siku mbili za mwanzo mrija tu karibu na ufukwe, ya tatu mapumziko, ya nne mpaka ya sita mtungi, na siku ya mwisho hakuna kuzamia kabisa kwa sababu mtu aliyetoka kuzamia na mtungi hapandi ndege mpaka ipite siku nzima. Nilikuwa nawafundisha wenzangu kantini kwamba miwani ya maji ukiitemea mate kwa ndani haifanyi ukungu. Wahudumu wakaanza kuniita Nahodha. Madam Koku akalisoma daftari mpaka mwisho, akasema, "Hamisi, hii kazi imekutafuta wewe."

Niliposikia hivyo nikalichukua daftari nikatoka haraka, kwa sababu siku hiyohiyo ilikuwa imekuja barua pepe kutoka Tobago. Walitaka video fupi. Msafiri avuke bwawa la kuogelea kwa urefu mara moja, kisha azame upande wa kina aokote kitu chini aibuke nacho. Bila video jina halithibitishwi, basi.

Nikaanza kukwepa. Mara ya kwanza nilisema nina malaria. Mara ya pili nikajipangia safari ya hifadhini ya kutwa nzima ambayo haikuwa zamu yangu. Mara ya tatu nilimwambia Madam nimeona dawa ya maji imezidi, macho yatawasha, na bwawa likafungwa siku mbili kwa uongo wangu. Na alfajiri, kabla wageni hawajaamka, nilikuwa naenda upande wa kina kifupi najaribu. Nikiingiza uso tu maji yananipanda puani, nasimama nakohoa huku maji yananifika kiunoni. Kiunoni! Kila siku nikitoka pale nahesabu zimebaki siku ngapi, na kila siku nasema kesho nitamwambia Madam ukweli, na kesho ikifika mtu ananiita Nahodha, naacha.

Kosa jingine, nilikuwa nimeshamwambia mama. Mama akiwa na furaha Kilosa nzima inajua, akiwa na huzuni anajifungia. Safari hii hakujifungia. Alipita sokoni, alipita msikitini, akapiga simu mpaka Munisagara kwa kaka yake, na Jumapili moja nikasikia wako njiani wanakuja Mikumi, mama, mjomba Seifu na sufuria ya pilau. Nilimwambia mama si ningekuja mimi Kilosa kuaga, akanijibu kama ananifundisha kula, "Msafiri hakabidhiwi kwa simu, Hamisi. Huyo bosi wako anayekupeleka ng'ambo nataka nimwone kwa macho, nikushike mkono, niuweke kwenye mkono wake, mjomba wako asome dua, ndipo mtu aondoke." Ndivyo kwetu inavyofanyika, na mimi nilikuwa nalijua hilo tangu siku namwambia.

Madam Koku alipowaona wamefika, mama na khanga yake mpya, mjomba na kanzu, alifurahi sana. Akawaamkia, "Shikamoo mama, shikamoo mzee," akawatandikia mkeka mwenyewe chini ya kibanda karibu na bwawa. Halafu akanigeukia. "Na leo hunikimbii. Video inatakiwa leo, mwisho ni leo. Mama yako atakuona ukiogelea kabla ya dua, si vizuri?"

"Vizuri sana," akajibu mama. Mimi sikuulizwa tena.

Nikasema naenda kubadilisha nguo. Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nimeshika mlango, na pale kwenye kona niliona kreti la chupa tupu za maji ya kunywa, zile za lita moja na nusu, zinangoja kuuzwa. Ndugu zangu, nikacheka peke yangu kwa furaha. Dumu! Si dumu ni plastiki na hewa tu? Nikachukua nne, nikakaza vifuniko kwa meno, nikatafuta tyubu ya baiskeli iliyokuwa inafungia mlango wa stoo, nikaikata vipande, nikajifunga chupa kiunoni, mbili kulia, mbili kushoto, fundo juu ya fundo. Juu nikavaa fulana ya hoteli, ile kubwa kuliko zote. Kuhusu kuokota kitu chini sikufikiria kabisa (mtu mwenye lita sita za hewa kiunoni atazamaje? Leo nalijua jibu, siku ile swali halikunijia).

Nilipotoka, mjomba Seifu akaniangalia toka juu mpaka chini. "Mpwa wangu, huku mnakula vizuri."

"Namshukuru Mungu, mjomba."

Nikavaa miwani, nikang'ata mrija. Nilikuwa nimeshaitemea mate miwani, maana Nahodha hasahau. Madam Koku akasimama kwenye ukingo na simu yake, akatupa kijiko upande wa kina, kikashuka kinameremeta mpaka kikalala chini. Wageni waliokuwa wanakula wakageuza viti. Mama akasogea mpaka ukingoni kabisa, amekunja mikono kifuani, anatabasamu. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu, hata siku simba alipolala mbele ya gari letu lililozimika. Madam akasema, "Haya, inarekodi," na mimi nikajitosa, miguu kwanza, upande wa kina.

Kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri. Maji yalinirusha juu, nikaelea, nikamsikia mama anasema "Mashallah." Ndipo nikalala kifudifudi nianze kupiga miguu kama nilivyokuwa nafanya kwenye dumu.

Tofauti ni hii: dumu unalikumbatia kifuani. Chupa zangu zilikuwa kiunoni, na tyubu ilipolowa ikalegea, zikateleza chini, zikaja kukaa makalioni. Makalio yakapanda juu, kichwa kikashuka chini. Nikajaribu kukiinua, hakiinuki. Mrija ukaingia maji, nikanywa funda la kwanza, la pili, miwani ikajaa, nikapeleka mikono nyuma kufungua mafundo, mafundo niliyoyafunga mwenyewe juu ya mafundo, yakagoma. Nilikuwa nakiona kile kijiko. Kilikuwa pale chini kimetulia, na mimi nikawa nawaza wazi kabisa, nakufa, nakufa kwenye bwawa la kazini na mama ananiona makalio.

Juu, nilikuja kuambiwa baadaye, mgeni mmoja alipiga makofi akidhani ni onyesho. Madam Koku aliendelea kurekodi akidhani natafuta kijiko. Aliyepiga kelele ni mama. "Huyo hachezi! Mwanangu hachezi huyo!" Akaanza kuingia na khanga zake, mjomba akamshika, wakavutana pale ukingoni.

Yusta alikuwa anapita na mzigo wa mataulo. Aliutupa chini, akajitosa na sare yake ya kazi na aproni. Nilisikia mkono umenishika chini ya kwapa, ukanigeuza, nikaiona mbingu, nikavuta hewa iliyochanganyika na maji, nikakohoa mpaka nikatapika. Alinivuta mpaka ukingoni kwa mkono mmoja, mwingine anapiga nao maji, bila papara, hata pumzi haikumpanda. Waliponipandisha juu fulana ikapanda mpaka kifuani, tyubu ikakatika, na chupa zikaanza kutoka. Ya kwanza ikadunda sakafuni. Ya pili na ya tatu zikabiringika chini ya meza za wageni. Ya nne ikaanguka majini, ikaelea taratibu mpaka pale aliposimama mama.

Mama akainama akaiokota. Akaitikisa, tupu. Akaangalia kifuniko kilichokazwa, akaniangalia mimi, na nikaona amekwisha kuelewa, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kukaza kifuniko cha dumu.

"Hamisi," alisema polepole, "hujui kuogelea?"

"Sijui, mama."

Madam Koku alishusha simu. Hakunigombeza, na ningependa sana angenigombeza. Akamgeukia Yusta, aliyekuwa amesimama anakamua aproni yake, maji yanamtiririka. "Wewe umejifunzia wapi hivyo?"

"Ziwani, Madam. Kigoma. Kabla baba hajahamishwa."

"Mbona hukujaza fomu?"

Yusta akaniangalia. Mimi nimekaa chini, nimejifunika taulo lake. Aliniangalia kidogo tu, kisha akaangalia pembeni. "Sikujua kama tunaruhusiwa, Madam."

Basi. Angeweza kunitaja pale pale na kila mtu angemwelewa, na hakunitaja.

"Hamisi, si nilikwambia uwagawie wote?" akauliza Madam.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema zilikwisha. Ningesema nilimsahau, mtu aliyetoka kuzama anasamehewa kusahau, na Madam alikuwa ameshaanza kunionea huruma, nilimwona. Mama yuko pale na chupa mkononi. Niliiangalia ile chupa, na ninawaambia, swali lile lilinitisha kuliko maji.

"Aliniuliza," nikasema. "Nilimwambia ni za waongozaji. Nilikuwa nazo tatu mkononi, Madam, hazina mtu."

Mama alikaa chini kwenye mkeka. Nilitaka kumwendea, mjomba akaniashiria niache. Sufuria ya pilau imefunikwa pale katikati, mjomba Seifu akakohoa, akauliza kwa aibu, "Sasa dada, na dua hii tuliyotoka nayo Kilosa tuifanyeje?"

"Dua ni ya msafiri," mama akajibu. Akamwangalia Madam Koku. "Msafiri ni nani?"

Madam akamuuliza Yusta kama anataka. Yusta akasema, "Nataka," kwa sauti ya chini, halafu akarudia kwa nguvu zaidi, kama mtu asiyeamini kwamba ameruhusiwa kulisema neno hilo. Wakarudi bwawani wawili. Alivuka kwenda, akavuka kurudi ingawa hakuambiwa, akazama, akaibuka na kijiko. Video ile ndiyo iliyokwenda Tobago.

Alipotoka majini mama akamwita, "Njoo mwanangu, kaa hapa," akimwonyesha sehemu ya mkeka iliyokuwa yangu.

"Mama, mimi Mkristo."

"Kwani Wakristo hawasafiri? Kaa."

Akavua khanga yake mpya ya juu, akamfunika kichwa kilicholowa. Akamshika mkono, akauweka kwenye mkono wa Madam Koku, akasema yale maneno aliyotoka nayo Kilosa kwa ajili yangu, yote bila kupunguza: tunakukabidhi mtoto wetu, aende salama, umrudishe salama, akikosea umrekebishe kama wako. Mjomba akanyanyua mikono akasoma dua, na jina alilotaja lilikuwa la Yusta. Mimi nilikuwa nyuma yao na taulo mabegani, nikaitikia amina. Nililia, sifichi. Nilisema ni dawa ya maji, na safari hii hakuna aliyeniamini.

Daftari langu la Tobago nilimkabidhi Yusta wiki ile ile, na nikakaa naye jioni tatu kumweleza ukurasa kwa ukurasa. Madam hakunifukuza kazi, alinipa barua ya onyo, na nilistahili. Ila kilichonikaa ni maneno ya mama wakati namsindikiza stendi. Tulikuwa hatujasemeshana tangu bwawani. Akapanda ngazi moja ya gari, akageuka, macho mekundu. "Ungekufa leo, Hamisi, Kilosa wangeniuliza mwanao amekufa na nini. Ningewajibu nini mimi? Amekufa na tiki?" Akapanda akakaa upande wa pili ili asinione.

Nimeapa, na mjue naapa mbele yenu: nisichokijua nitasema sikijui, mapema, kwa sauti, kabla mtu hajaanza kupika pilau. Juzi Madam aliuliza kwenye kikao nani anajua kutengeneza jenereta, na kabla hajamaliza mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kusema sijui. Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke.